Wimbo Unaotuliza

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu wa muziki, wanakwaya na wanafunzi wa ushairi. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha na sauti zilizochezwa ukumbini hazimo.)

Wazee wangu, walimu wenzangu, mama zangu mliokaa huku mbele, na nyinyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti: hamjambo.

Nataka tuanze na neno moja: hutuliza. Nikisema "wimbo hutuliza", mmesikia nini? Aliyelikata neno baada ya hu amesikia kwamba wimbo huleta utulivu. Aliyelikata baada ya hu-tu amesikia kwamba wimbo hutufanya tulie. Herufi ni zile zile na matamshi ni yale yale. Lugha yetu imeweka kilio na utulivu katika neno moja, na leo nitalitumia neno hilo kwa maana zote mbili bila kuwaambia nimekusudia ipi.

Swali letu ni hili. Mwenye njaa haombi asimuliwe habari za njaa. Mwenye homa hatafuti wa kumzidishia homa. Basi kwa nini mwenye msiba atafute wimbo wa msiba? Na kwa nini asiye na msiba wowote, aliyekula akashiba, akae karibu na redio usiku amsikilize mtu anayemlilia maiti asiyemjua, machozi yamtoke, na wimbo ukiisha atamani urudiwe?

Wako waliojaribu kujibu kwa njia ya mwili. Mwaka 2011 mtafiti wa muziki David Huron alitoa dhana kwamba muziki wa huzuni huufanya mwili umwage prolaktini, homoni inayohusika na unyonyeshaji na ambayo huleta hali ya kufarijika. Mwili unajiandaa kwa msiba, msiba wenyewe haupo, faraja inabaki. Ni dhana ya kuvutia, lakini bado ni dhana. Mimi ninaamini sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya ufundi wa nyimbo zenyewe: mtungaji ameweka nini, ameacha nini, sauti imeshuka wapi, nani ameitikia. Na nitawaambia mapema ninakoelekea, ili mnipime njiani. Kinachotuingia katika wimbo wa huzuni ni jitihada ya mtu anayeimba huku kilio kimemfika kooni. Anakishika. Hakidondoshi. Sisi tunaona mkono unavyotetemeka, tunanyoosha wetu tumsaidie.

Twendeni kisimani.

Nyote mnamjua Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini, yule mtungaji wa nyimbo na mpiga upinde. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wa habari zake mwaka 1913, na kisa kilikuwa kikisimuliwa kwa vizazi vingi kabla ya hapo. Liyongo hakuweza kuuawa kwa chuma wala kwa mkuki. Siri yake ilikuwa sindano ya shaba, achomwe kitovuni. Aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa, baba akiwa usingizini. Liyongo akaamka na maumivu yale, akachukua upinde wake, akatoka nje ya mji hadi kisimani, akapiga goti, akapachika mshale, akauvuta. Roho ikamtoka akiwa hivyo hivyo, goti chini, mshale tayari.

Watu wa mji wakaona nini? Wakaona Liyongo amekasirika, anawangoja kisimani. Hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji. Mji ukashikwa na kiu. Ndipo wazee wakamwendea mama yake: mama, nenda ukambembeleze mwanao, atusamehe, tupate maji. Mama akaenda. Akasimama mbali, maana naye alimwogopa, akaanza kumwimbia. Akamsifu, akamsihi, akamtuliza kama alivyokuwa akimtuliza utotoni. Akarudi nyumbani. Kesho akaenda tena. Na kesho kutwa. Mwana hajibu, hageuki, haushushi mshale. Kisha siku moja mwili ukaanguka, na hapo ndipo walipojua.

Ndugu zangu, angalieni mahali palipotuuma. Mama hakuwa anaomboleza! Alikuwa anabembeleza mtoto aliyenuna. Hajui. Sisi tunajua. Kila beti aliyoimba pale ni beti ya mapenzi ya kawaida kabisa, ambayo ingeweza kuimbwa mlangoni mwa chumba cha kijana yeyote aliyekasirika. Huzuni yote imekaa upande wetu, wasikilizaji, tunaotamani kumpigia kelele: mama, rudi, huyo hasikii tena.

Hilo ndilo fundisho la kwanza la ufundi, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote: mwimbaji asimsemee msikilizaji. Wimbo wa maombolezo ulio mzuri huongea na marehemu moja kwa moja, nafsi ya pili, kana kwamba yuko chumba cha pili. Umeamkaje? Mbona hujala? Umewaachia nani ng'ombe? Sikilizeni nyimbo za vilio za jamii zetu, za bara kwa pwani, na mtazikuta hizo wewe na wewe. Wimbo ukishageuka kusema "marehemu alikuwa mtu mwema", umekuwa wasifu wa kusomwa kwa kipaza sauti. Hauna ubaya, lakini hautamfikisha mtu kisimani.

Fundisho hilo lina mwenzake: kitu kidogo. Tuchukue mfano niliotunga kwa ajili ya leo, tuutazame kwa karibu. Mtungaji mchanga anayefiwa huanza hivi:

Nalia nina huzuni, moyo wangu waumia,
Machozi tele machoni, usiku kucha nalia.

Hesabuni. Mizani, yaani silabi, nane kwa nane, sawa. Vina vimekaa, -ni kati na -a mwisho. Hakuna kosa la kitaalamu ukiacha neno nalia lililotumiwa mara mbili. Mbona basi hatulii? Kwa sababu ameshalia yeye, hajatuachia kazi. Sasa sikilizeni hii, mizani ile ile:

Kanzu ingali kambani, juzi ilishakauka,
Ndara zako mlangoni, mtoto anazivuka,
Napakua sahanini, yako nayo naiweka,
Hodi yako ya jioni, mbona haijasikika.

Tafuteni neno huzuni humo. Tafuteni machozi, moyo, majonzi. Hamtayaona. Kuna kanzu, ndara, sahani na hodi. Kwenye mstari wa pili mtoto anazivuka ndara. Hazichukui, hazisogezi, anazivuka, kwa sababu hata yeye ameshajua kwamba hazitakiwi kuguswa. Kitenzi hicho kimoja kinabeba nyumba nzima. Mkikibadilisha mkaweka "anazishika", ubeti unapoteza nusu ya uzito wake. Na kituo, mstari wa mwisho, ni swali. Mshairi anauliza jambo ambalo jibu lake kila mtu analo.

Wazee wetu walilijua hili vizuri. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alipotunga Al-Inkishafi kuhusu kuanguka kwa Pate, mji uliokuwa na utajiri wa kupita kiasi, angeweza kuorodhesha vita na madeni na biashara iliyokufa. Alifanya nini? Aliingia ndani ya nyumba. Akatuonyesha yale madaka ukutani yaliyokuwa yakipangwa vyombo vya kauri, na sasa yamelala makinda ya ndege. Akatuonyesha vyumba vinavyovuma popo. Waliofika Lamu au Siyu wakaona daka la chokaa lililochongwa wanajua upana wake: sahani moja inaenea. Sahani imeondoka, kiota kimeingia mahali pake, na ufalme wote umo katika kipimo hicho cha sahani moja. Na tena, anaongea na nani? Na moyo wake mwenyewe. Nafsi ya pili, tena!

Hapa niseme jambo kuhusu pwani, kwa faida ya wageni wetu. Katika misiba ya Waislamu, kupiga mayowe na kuomboleza kwa kujipiga kumekatazwa. Watu husoma Yasini, hufanya khitma, hukaa matanga kwa adabu, na mjane hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Ngoma haipigwi. Kwa hiyo majonzi ya pwani yalitafuta mlango mwingine, yakaingia kwenye tenzi, kwenye mashairi ya kughaniwa, baadaye kwenye taarabu. Ndiyo maana wimbo wa taarabu unaosema habari za mpenzi aliyeondoka mara nyingi huwa umebeba zaidi ya mpenzi. Watu wazima wakiwa ukumbini wanaelewana bila kuambizana.

Sasa tuingie kwenye sauti yenyewe. Walimu wa muziki, hii ni sehemu yenu.

Kwanza, mteremko. Kilio cha mwanadamu huanza juu na kushuka kadiri pumzi inavyoisha. Pumzi ya kuvuta ni fupi, ya kutoa ni ndefu na imekatikakatika. Nyimbo nyingi za vilio zimeazima umbo hilo: mstari huanzia karibu na sauti ya juu kabisa ya mwimbaji, ukashuka ngazi kwa ngazi hadi ukafia chini, karibu na maneno ya kawaida. Jaribuni kuigeuza, mwanzo uwe chini na mwisho uwe juu, kwa maneno yale yale. Utapata wimbo wa kuhamasisha. Nimeona kwaya nyingi zikiharibu hapa: mpangaji anataka kishindo cha mwisho, anapandisha ubeti wa mwisho sauti moja, na msiba unageuka kuwa sherehe ya mahafali.

Pili, noti inayochelewa kutua. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Mwingereza John Sloboda aliwauliza wapenzi wa muziki waonyeshe ni mahali gani hasa katika nyimbo wanapotokwa na machozi. Mahali pengi palikuwa na sifa moja: noti iliyoegemea jirani yake, imekaa juu kidogo ya pale inapotakiwa, inakwaruzana na sauti zilizo chini yake, kisha inashuka na kutua. Wimbo unakunyima, halafu unakupa. Yeye alipima muziki wa Ulaya, lakini msikilizeni mpiga fidla wa taarabu anapofika mwisho wa sentensi yake. Hatui moja kwa moja. Anakaa kwanza kwenye noti ya jirani, anaikaza kwa upinde, anaitetemesha, ndipo anashuka. Ukumbi unatoa "ah". Hiyo "ah" ni pumzi ambayo kila mtu alikuwa ameizuia bila kujua.

Tatu, ngazi. Taarabu ya Unguja, ambayo kikundi chake cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, ilirithi kutoka Misri maqam, yaani ngazi za noti za Kiarabu, pamoja na vyombo vya udi, qanuni na nai. Katika hizo maqam iko moja inayojulikana kwa simanzi: Saba. Wasomaji wa Kurani wengi huiingia wanapofika aya za mauti na majuto. Imejengwaje? Anzeni Re. Panda Mi, lakini Mi iliyoshushwa robo sauti. Panda Fa. Sasa sikio linangoja Sol, maana ngazi nyingi huipata Sol hapo ikiwa imara. Saba inaishusha Sol nusu sauti. Ngazi inajikunja. Unapopanda unahisi dari limeteremka juu ya kichwa chako. Ukitaka kujua kwa nini Saba huliza, iimbe taratibu noti hizo nne kupanda na kushuka, mara tano, na usikilize kifua chako unapoifikia ile ya nne.

Kinachoharibu hapa ni kinanda. Kinanda cha kawaida hakina Mi hiyo ya robo. Mpigaji asiyejua hubonyeza Mi ya nusu, na Saba inakufa papo hapo. Kinachobaki kinafanana na huzuni ya matangazo ya redio. Vinanda vingi vya siku hizi vina sehemu ya kurekebisha robo sauti kwa kila noti. Rekebisheni kabla ya onyesho, mjaribu pamoja na fidla, siyo peke yenu, na kama chombo hakina uwezo huo, mpigaji aikwepe Mi kabisa katika sehemu ya taqsimu, ile ya kubuni papo hapo, awaachie udi na fidla.

Lakini ngoja. Msije mkaondoka hapa mkidhani nimewaambia kwamba huzuni ni polepole na ngazi iliyokunjamana. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Thomas Fritz waliwachezea Wamafa wa kaskazini mwa Kameruni muziki wa Kimagharibi ambao hawakuwa wameuzoea, na Wamafa walitambua upi wa furaha, upi wa huzuni na upi wa hofu kwa kiwango kinachozidi kubahatisha. Ni habari kubwa, nakubali. Kutambua huzuni, hata hivyo, ni jambo moja, na kuguswa nayo ni jambo jingine. Nendeni Kakamega mkaone.

Waisukha na Waidakho wana isukuti. Jina ni la ngoma zenyewe, tatu kwa seti: kubwa, ya kati, ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Kiongozi anatoa, wanaume na wanawake wamejipanga mistari yao, wanaitikia na kucheza. Isukuti hupigwa mtoto akizaliwa, hupigwa harusini, na hupigwa msibani. Ni ya kasi! Mgeni akiisikia kwa mbali anaweza kudhani kuna arusi. Akisogea karibu anaona nyuso, anasikia maneno, anaelewa. Miguu inakwenda mbio kwa sababu mwili uliofiwa hauwezi kukaa, na kwa sababu usiku wa mkesha ni mrefu na lazima uvukwe. Maneno yana uzito wa jiwe, mdundo ndio unaolibeba. UNESCO iliiingiza isukuti mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa kuwa wajuzi wengi ni wazee wasio na warithi na vifaa vya kutengenezea ngoma vinapatikana kwa shida. Ninawaomba vijana wa Magharibi mwa Kenya mliomo humu: kaeni karibu na mpigaji wa ile ngoma ndogo. Wengi hukimbilia kubwa kwa sababu inaonekana, na ndogo ikikosa mtu seti imekatika.

Na Wajaluo je? Mpiga nyatiti anapoalikwa msibani, anakaa kwenye kigoda kifupi, chombo kimelala chini mbele yake, nyuzi nane. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevishwa pete nzito ya chuma, oduong'o, nacho kinagonga ubao wa nyatiti. Mguuni amefunga gara, njuga za chuma. Mtu mmoja, lakini kuna mdundo, kuna nyuzi na kuna sauti. Sikilizeni uhusiano wa vitu hivyo vitatu. Pete haibadiliki. Inagonga ile ile, tok, tok, tok, saa nzima. Sauti juu yake inayumba, inachelewa, inakimbia maneno, inakatika. Hapo ndipo panapouma. Kama mdundo nao ungeyumba tungesikia mtu aliyepotea tu. Kwa kuwa pete inasimama imara, tunasikia ni kiasi gani sauti imetikiswa. Kisha mtu katika umati anasimamisha wimbo, anatoa fedha, anajisifu na kuwasifu wake, hiyo ndiyo pakruok, wimbo unaendelea. Katikati ya kifo walio hai wanatajwa majina yao.

Jina. Kuna nguvu gani katika jina? Nendeni kwa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mwanamke wa kwanza wa kwetu aliyepanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Moja ya nyimbo zake iliyobaki vinywani ni ile ya Kijiti. Mwanamke mgeni Unguja, mjamzito, alichukuliwa matembezini akauawa. Muuaji akavuka bahari kukimbilia bara. Walioadhibiwa na mahakama ya wakoloni ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Wimbo haukuomba msaada wala haukulaani serikali. Ulimtaja Kijiti kwa jina, ukatueleza kwamba mmoja amevuka na wengine wamezama, ukaacha bahari ile ifanye kazi mbili kwa pamoja: njia ya mwenye hatia na kaburi la wasio na hatia. Hakimu alishamaliza kesi. Wimbo haukumaliza. Tangu hapo kila anayeuimba anamsomea tena shitaka lake, na mtu yule hana mahali pa kukata rufaa.

Huzuni ya namna hiyo ina hasira ndani yake, na nataka msiiogope. Wimbo wa msiba unaotaja dhuluma si wimbo uliopotea njia.

Sasa kiitikio, kisha nitawaachia viti vyenu mpumzike.

Turudi kwa Liyongo, safari hii akiwa hai, gerezani, amefungwa minyororo na anangoja kuuawa. Akamwimbia kijakazi Saada ujumbe kwa mama: oka mkate, ndani weka tupa. Mama alikuwa akimpelekea mikate mizuri na walinzi wakaila, basi akaoka wa wishwa. Walinzi wakauona, wakaudharau, wakamtupia. Tupa ikafika. Lakini tupa ikikata chuma inalia, tena usiku! Afanyeje? Akaomba apigiwe ngoma ya gungu kabla ya kufa, akawafundisha watu nyimbo. Yeye anatoa kutoka ndani, wao nje wanapokea kwa sauti kubwa na vyombo vinalia. Kila walipopokea, alikereza. Wakinyamaza, ananyamaza. Wakipokea, anakereza. Hadi minyororo ikaachia.

Mmekiona kiitikio kinafanya kazi gani? Kinafunika. Mama aliyefiwa anaanza ubeti, anafika katikati, koo linafunga. Umati unapokea. Chini ya sauti zile mia yeye anapata nafasi ya kulia kwikwi zake, kuvuta pumzi, kufuta uso, na wanapomaliza yuko tayari kwa ubeti mwingine. Wimbo usio na kiitikio humwacha peke yake na tupa yake, kila mtu anaisikia.

Kwa hiyo watungaji, tafadhali: kiitikio cha msiba kiwe kifupi, mizani nane, isizidi kumi na sita. Mtu akikisikia mara mbili awe ameshakijua. Kikae chini ya sauti ya kiongozi, mahali ambapo bibi wa miaka themanini na kijana aliyebalehe wanafika bila kujikamua. Kiongozi aingie kabla umati haujamaliza silabi ya mwisho, ili pasiwe na pengo. Kwaya zetu nyingi leo hutunga kiitikio cha mistari minne, sauti nne, kilichofanyiwa mazoezi wiki mbili. Kinapendeza. Lakini wafiwa hawawezi kukiimba, na mfiwa aliyeketi akasikiliza msiba wake ukiimbwa na wageni amenyang'anywa kitu.

Na mwimbaji akilia kweli? Hutokea, wala si aibu. Koo likikaza, sauti hukatika, na hakuna nguvu inayoweza kuisukuma. Jiandaeni mapema. Shusheni wimbo sauti mbili chini ya mlivyozoea, kwa sababu koo la msibani huishiwa mapema huko juu. Vuteni pumzi katikati ya mstari, kwenye kina cha kati, msingoje mwisho. Macho yatue juu ya kitu kisicho na uso, nguzo au mti. Na awepo wa pili, anayejua beti zote, aliyesimama karibu kiasi cha kuguswa bega. Akiguswa, anachukua silabi inayofuata, bila kutazamana. Kipaza sauti kikiwepo, ondoeni mwangwi wa mashine. Mwangwi humpeleka mwimbaji mbali, na msiba unamtaka karibu.

Nyinyi mtakaokwenda kukusanya nyimbo hizi kwa wazee, jambo moja tu la adabu. Jamii nyingi huamini kwamba kuimba wimbo wa kilio mahali pasipo na kilio ni kukiita. Msimwombe bibi akuimbie sebuleni mchana kweupe kisha mkashangaa akikataa. Mwombeni ayaseme maneno bila mahadhi, au aimbe sehemu tu, au awapeleke mahali anapoona panafaa. Na andikeni aliimbiwa nani, nani aliongoza, walikaa au walisimama, kiitikio kilianzia wapi. Maneno yasiyo na hayo ni kanzu bila mtu.

Nimeongea vya kutosha. Sasa tuimbe. Chukueni ule ubeti wa kanzu. Mimi nitatoa mistari mitatu, na kituo nitakianza. Nikifika "Hodi yako ya jioni", nyinyi mpokee nusu ya mwisho, mbona haijasikika, mara mbili. Anzeni Sol ya chini, mshuke hadi Re. Upande wa kulia mtaanza, wa kushoto mtafuata nyuma yao silabi mbili, msiwakimbilie. Msipandishe. Nikinyamaza katikati ya ubeti msinisubiri, pokeeni.

Haya, kulia.